Safari ya Boflo
(Kikundi: Ukoo na Majirani, Maweni, Malindi)

JUMAPILI, JUNI 8

Mama: Asalaam aleikum nyote. Leo nimefunga vyombo vya jikoni. Sasa naomba nielezwe polepole, maana kila nikiuliza naambiwa "karatasi, karatasi". Huyu mbwa wetu Boflo anaondoka lini kwenda Ujerumani, na anaondokaje?

Halati Rukia: Waleikum salaam dadangu. Huku Lamu chumba chako nishakipaka chokaa, kinakungoja. Lakini mbwa hapa Langoni hapana pa kumweka. Ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, na njiani punda wawili wakipishana wewe wajibanza mlangoni.

Mama: Najua, Rukia. Ndiyo nikasema aende na Zuhura. Marehemu alimwokota Boflo nyuma ya tanuri la mikate, rangi yake ile ile ya mkate wa boflo, mdogo hata macho hajafungua vizuri. Miaka minne akimsindikiza pwani kila alfajiri. Nyumba nimeuza, sawa. Huyo simwachi barabarani.

Ami Shee: Shemeji, hakuna aliyesema aachwe. Mbwa wa ulinzi sharia imemruhusu. Akilamba chombo kioshwe mara saba, moja yake kwa mchanga, basi. Na yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kiatuni akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mtume (SAW) katwambia Mwenyezi Mungu alimsamehe. Salim, mweleze mamako.

Salim: Masalkheri Ami, masalkheri Mama. Ndege ni Ijumaa tarehe 20 usiku, Nairobi hadi Frankfurt. Zuhura yumo ndege hiyo hiyo. Boflo hakai naye juu kwenye viti, kule wanaruhusu mbwa wadogo tu, wa kilo kama 8 pamoja na mkoba wake. Yeye ana kilo 19. Atakaa chini, ndani ya kizimba.

Mama: Chini na mizigo? Si atakufa baridi?

Salim: La, Mama. Sehemu ya wanyama ina hewa na joto kama kule juu kwa abiria. Rubani huambiwa kwamba kuna mnyama. Niliuliza mara tatu.

Mama Kadzo: Hamjambo majirani. Nauliza hivi, mbona mlianza mambo haya tangu Januari? Binti yangu Kadzo anafanya kazi kwa familia inayohamia Uingereza mwezi Agosti, wana mbwa wao, na mpaka leo hawajafanya lolote.

Salim: Mama Kadzo, waambie leo hii. Nitakueleza kosa letu sisi, lisiwapate.

Salim: Kitu cha kwanza ni chipu. Ni kidude kama punje ya mchele, hutiwa kwa sindano chini ya ngozi, hapa shingoni katikati ya mabega. Haina betri wala haitangazi mbwa yuko wapi. Ina namba ya tarakimu 15 tu, na mashine ikipitishwa juu yake namba inasomeka.

Salim: Cha pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Lazima ije BAADA ya chipu, au siku ile ile chipu ikiwa imetangulia. Sisi Januari tulimpeleka kliniki moja, wakamchanja kwanza, chipu wakamtia baada ya wiki mbili. Wakasema haina neno. Nikaamini. Zuhura ndiye aliyepiga simu Ujerumani kuuliza, akaambiwa chanjo hiyo haihesabiwi. Kwao mbwa asiye na namba hajulikani ni yupi, kwa hiyo karatasi inayosema amechanjwa yaweza kuwa ya mbwa mwingine yeyote.

Zuhura: Nililia siku ile. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya Aprili.

Salim: Tukarudia. Chanjo mpya Februari 10. Hapo unangoja siku 30 kabla ya kutoa damu. Tulitoa Machi 14, ikapelekwa maabara Ujerumani, kwa sababu lazima iwe maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Wanapima kama kinga imeshika, isipungue nusu yuniti kwa kila mililita ya damu. Boflo alipita.

Mama: Alhamdulillahi. Sasa kama alipita Machi, mbona bado yuko hapa analala mlangoni pangu?

Salim: Hapo ndipo wengi wanapokwama, Mama. Kutoka siku ya kutoa damu unangoja miezi mitatu kamili. Yetu inatimia Jumamosi hii, tarehe 14. Akitua huko siku moja kabla, wanaweza kumrudisha au kumfungia karantini kwa gharama zetu.

Ami Shee: Miezi mitatu ya nini tena, na damu imeshasema ni mzima?

Salim: Damu inasema chanjo imeshika, Ami. Haisemi kama aliumwa na mbwa mwenye kichaa kabla ya kuchanjwa. Maradhi hayo yanaweza kujificha mwilini wiki nyingi, hata miezi. Wakimwacha akae miezi mitatu akabaki mzima, wanatulia. Kenya kichaa cha mbwa bado kipo, kwa hiyo hatumo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo cha damu.

Ami Shee: Nimefahamu. Na wana haki. Mimi nimemwona mtu aliyeumwa akapuuza. Dalili zikishatoka hakuna tena dawa. Wenye watoto humu, mtoto akiumwa au hata akikwaruzwa na mbwa, muosheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo akachomwe sindano. Msingoje kesho.

Mama Kadzo: Asante mzee. Salim, Uingereza ni hivyo hivyo?

Salim: Chipu, chanjo, damu na miezi mitatu ni vile vile. Wao wanaongeza dawa ya minyoo ya tegu, daktari ampe mwenyewe na kuiandika, si chini ya saa 24 na si zaidi ya saa 120 kabla ya kufika. Na kwa ndege mbwa huingia Uingereza kama shehena, hasafiri kama mzigo wa abiria. Agosti hawawahi, Mama Kadzo. Hesabu mwenyewe: siku 30 na miezi mitatu, huo tayari ni mwezi wa kumi.

Mama Kadzo: Mungu wangu. Kadzo ndiye anayempenda kuliko wenyewe. Nampigia sasa hivi.

Salim: Waangalie kwanza, kama ana chipu na chanjo yake ilifuata baada ya chipu na haijapitwa na wakati, damu yaweza kutolewa hata wiki hii. Na kama ni wale wa pua bapa, kampuni nyingi za ndege hazipendi kuwabeba, pumzi zao fupi, joto huwaua.

JUMATANO, JUNI 11

Mama: Kile kizimba kipya kimefika. Fundi amekileta kwa mkokoteni.

Halati Rukia: Kipya? Cha kwanza kilikuwa na nini?

Salim: Nilikosea kupima, Halati. Nilimpima amekaa. Mbwa hupimwa amesimama. Jana nimeichukua ile tepu ya Mama ya cherehani, Zuhura akamshika kwa kipande cha nyama ya Idi. Kutoka puani hadi mwanzo wa mkia, ukaongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele, huo ndio urefu wa kizimba. Upana ni mabega yake mara mbili. Kimo ni hadi ncha za masikio, pamoja na tandiko. Masikio ya Boflo yamesimama kama ya paka, kile cha kwanza yaligusa dari. Wangetukatalia pale pale kaunta.

Salim: Asimame, ajigeuze, alale amejinyoosha. Matundu ya hewa pande zote. Komeo la chuma. Chombo cha maji kimefungwa mlangoni ili mtu amwagilie kwa nje bila kufungua.

Ami Shee: Mpeni na dawa ya usingizi, alale mpaka afike.

Salim: Hapana Ami, hiyo ndiyo hatari yenyewe. Dawa hushusha pumzi na presha, na kule chini hakuna wa kumwangalia. Ndege nyingi hazimpokei mbwa aliyelewa dawa. Daktari ametuambia tumzoeshe kizimba tu.

Mama: Basi tangu adhuhuri nimekiweka hapo uani, mlango wazi. Kwanza alikizunguka, akanusa kila kona, akatia kichwa akakitoa. Nikaweka ndani kanga yangu ile ya zamani ninayopikia. Laasiri nimetoka kuswali namkuta ameingia mwenyewe, kidevu juu ya kanga.

Halati Rukia: Kanga yako, dada? Na najisi?

Mama: Nimempa yeye, Rukia. Sitaivaa tena.

JUMANNE, JUNI 17

Salim: Tumetoka alfajiri kwa Probox. Tumepita Kilifi na Mtwapa kabla jua halijakuwa kali. Sasa tuko Voi, tumeegesha chini ya mti. Amekunywa maji, amekojoa, hakutapika. Chakula nampa kidogo kidogo.

Mama: Analia?

Zuhura: Alilia tulipofika Kilifi, Mama. Nikaingiza vidole kwenye matundu akavilamba, akanyamaza.

JUMATANO, JUNI 18

Salim: Tumetoka Kabete, Kurugenzi ya Huduma za Mifugo. Cheti cha afya cha Umoja wa Ulaya kimetiwa sahihi na muhuri wa serikali, na kibali cha kumtoa nchini tunacho. Cheti hiki kwa kuingia kule kina siku 10 tu, ndiyo maana hatukukichukua mapema. Daktari aliipitisha mashine shingoni, akasoma namba moja moja, mimi nikifuatisha kwenye cheti cha chanjo na jibu la damu. Zote 15 sawa. Mama Kadzo, mwambie binti asiache hilo, namba moja ikikosewa kwenye karatasi moja ni sawa na huna karatasi.

Mama Kadzo: Nimeandika. Wale wenye mbwa walimpeleka jana kwa daktari. Chipu ilikuwepo, chanjo ilikuja baadaye, damu imetoka. Wao wataondoka Agosti, mbwa atabaki na Kadzo mpaka muda utimie.

Ami Shee: Habari njema. Salim mwanangu, umefanya kazi ya mtu mzima.

IJUMAA, JUNI 20

Zuhura: Wamempokea. Walimtoa nje, kizimba kikakaguliwa kitupu, akarudishwa. Nimeandika jina lake ubavuni na namba yangu ya simu, na pembeni "anaitwa Boflo, haumi". Walipomsukuma kwenye toroli alinitazama mpaka wakapinda kona.

Mama: Nimeshaswali. Nimemwombea na yeye.

Halati Rukia: Nami pia, dadangu.

JUMAMOSI, JUNI 21

Mama: Zuhura, mmefika?

Mama: Zuhura?

Salim: Mama, ndege imetua saa mbili zilizopita. Atakuwa kwenye ukaguzi.

Mama: Mimi siwezi kula.

Zuhura: Mama tumefika salama. Samahani, simu ilizima. Tumengojeshwa na daktari wa mpakani. Alisoma kila ukurasa. Kisha akapitisha mashine shingoni, kimya. Mara ya pili, kimya. Wallahi magoti yalinilegea. Akaishusha kidogo upande wa bega la kushoto, ikalia. Chipu ilikuwa imesogea kidogo tu, anasema hutokea. Akalinganisha namba, akagonga muhuri.

Salim: Allahu akbar.

Ami Shee: Alhamdulillahi rabbil-alamin.

Mama: Na yeye mwenyewe?

Zuhura: Alikuwa amekojoa tandiko, basi. Nimemfungulia nje, akasimama kwanza miguu inatetemeka, akanywa bakuli zima la maji. Hapa ni asubuhi, nyasi zina umande, anainua mguu mmoja mmoja kama anakanyaga mafuta. Sasa tuko ndani ya gari la rafiki yangu.

Mama: Kanga?

Zuhura: Ameilalia. Nilitaka kuitoa nikaifue, inanuka mkojo, akaweka mguu juu.

Mama: Iache. Usiifue kwanza.