Tukisaidieje kikundi cha wananchi bila kukigeuza kuwa chetu?

Mkazi wa Gungu, Kigoma

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Pale mwalo wa Kibirizi, wavuvi wanaposhushia samaki, wapo kinamama wachakataji wa dagaa walioanzisha kikundi kisichogawana faida, nacho kinafuatilia ushuru unaokusanywa mwaloni ili sehemu yake irudi kwa wachakataji kama vichanja vya kuanikia dagaa, maji safi na vyoo. Baadhi yetu tungependa kuwachangia, lakini nahofia kwamba fedha yetu ikishaingia, kinamama hao watabaki kutekeleza mawazo yetu. Ni msaada gani utakaoipa nguvu sauti yao wenyewe mbele ya halmashauri?

Mtumishi mstaafu, Tabora

Ndugu yangu, hofu yako ni ya msingi. Hoja nyingi nzuri za wananchi hukwama kwa sababu hufika bajeti ikiwa imekwisha kupangwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili, ilhali mapendekezo ya halmashauri huanza kuandaliwa miezi mingi kabla, kuanzia kwenye mtaa, yakipita kamati ya maendeleo ya kata hadi baraza la madiwani. Hoja ya vichanja inayopelekwa kwa mbunge mwezi Mei itapokewa kwa heshima, kisha itasubiri mwaka mwingine.

Kuhusu ushuru wenyewe, halmashauri inapokusudia kutunga sheria ndogo hutakiwa kuwatangazia wakazi na kupokea maoni au pingamizi zao kabla haijaomba idhini ya Waziri. Hapo ndipo barua iliyosainiwa na wachakataji, ikiwa na hesabu zao za msimu mzima, inapokuwa na uzito kuliko semina yoyote. Takwimu za makusanyo waziombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Wasaidieni kwa mtu wa kuwaandikia barua hizo na nauli ya kuzifuatilia.

Mama wa Ujiji

Naunga mkono, ila naomba tutazame fedha kwa makini zaidi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kipato cha mwaloni kilikatika, na kikundi kinachotegemea ada za wanachama kilikosa hata fedha ya kuitisha kikao wakati ambapo uamuzi uliowagusa wanachama wake ulikuwa ukitekelezwa. Kwa hiyo changieni mfuko wa akiba ambao kikundi chenyewe kinaamua matumizi yake, pamoja na gharama za kawaida ambazo wafadhili huzikwepa: pango, vitabu vya hesabu, ukaguzi. Kiwango chenu kisizidi ada zao kwa mbali, maana anayelipa karibu kila kitu huishia kuamua karibu kila kitu, hata akiwa na nia njema.

Suala la usajili msiliharakishe. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, hasa baada ya marekebisho ya 2019, inadai taarifa za shughuli na fedha za kila mwaka, na kikundi kidogo kinaweza kuelemewa nazo. Kujisajili halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii ni rahisi zaidi, ingawa mwenye kukusajili ndiye huyo unayemhoji. Kinamama walipime hilo wenyewe.

Mwalimu, Kasulu

Naongeza jambo kwa heshima ya walionitangulia. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani kujaribu Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi, na mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa katika mpango huo. Ndiyo maana siridhiki na mkakati unaotegemea mlango uliofunguliwa kutoka juu. Ibara ya 21 ya Katiba inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu, na ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka.

Barua peke yake haitoshi kama mkutano wa mtaa una watu wachache. Kinamama wajae mikutano hiyo, na wagombee nafasi katika uongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi na wadau wengine kinachosimamia rasilimali za uvuvi, ya mwalo wao, kwa kuwa chombo hicho kinatambuliwa na kanuni za uvuvi na wachakataji wana haki ya kuwa wanachama wake. Mchango wenu wa kwanza ungeweza kuwa posho ya kufidia siku ya kazi kwa kila anayekwenda huko.