Viatu vya boti vya kwenye tamthilia: tupeane uzoefu, hasa sisi wa kando ya Ziwa Victoria

Mtoto wa Kirumba

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Juzi nilikuwa ninasubiri kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, nikamwona kijana ameketi juu ya gunia la mihogo, amevaa viatu vya boti vya ngozi ya kahawia, vile vyenye soli nyeupe na kamba ya ngozi inayozunguka kisigino kupitia matundu ya chuma, bila soksi. Moyo wangu ulirudi nyuma miaka zaidi ya thelathini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, kwani vya kwanza vilianza mwaka 1994. Sisi watoto wa Kirumba tuliiona dunia kwenye banda la video, kwa kanda zilizokwishachakaa, na kanda niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Miami Vice, tamthilia ya Marekani iliyooneshwa kwao kuanzia mwaka 1984 hadi 1989. Mpelelezi Sonny Crockett, aliyeigizwa na Don Johnson, aliishi ndani ya mashua ya tanga, na asubuhi alishuka gatini kwenda kazini akiwa na suti nyepesi na viatu vyepesi, vifundo vya miguu vikiwa wazi.

Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Aliondoka jioni na karabai, akarudi alfajiri akiwa peku, nyayo zimepasuka, na shuleni tulitishwa kwamba asiyesoma atakwenda kulala mtumbwini. Halafu nikamwona kwenye kioo mtu anayelala majini kwa hiari yake, anaheshimika, na viatu vyake ni vya mtu anayejua kwamba sakafu ya nyumba yake inayumba. Tangu siku ile nimevitamani viatu hivyo, na sijawahi kuvimiliki. Nani mwingine aliguswa namna hii? Waliowahi kuvivaa watueleze vikoje.

Muuza mitumba, Mlango Mmoja

Umenigusa, kaka. Hapa kwangu wateja huviita moka za kamba, na kila wiki hakosi kuja kijana na picha kwenye simu, akitaka vile alivyovaa mtu fulani kwenye tamthilia.

Mpenda tamthilia

Ndugu mwanzisha mada, hadithi yako ni nzuri, lakini naomba nikurekebishe. Crockett mara nyingi alivaa viatu vya kutumbukiza mguu, visivyo na kamba kabisa, na vingine vya turubai vyenye soli ya kamba zilizosukwa. Viatu vya boti ni kitu kingine. Ukimtaja yeye katika habari ya viatu vya boti unawapotosha vijana.

Mtoto wa Kirumba

Sikatai. Nimeangalia picha zake upya na ninakubali kwamba kumbukumbu yangu ilimvisha viatu ambavyo hakuwa navyo mara nyingi. Mashua ilikuwapo lakini, na vifundo vilivyokuwa wazi ninavikumbuka vizuri. Mtoto wa miaka kumi haangalii kama kuna kamba, ila anaona jinsi mtu anavyotembea.

Mpenda tamthilia

Hapo tumeelewana, ingawa jina la kitu lina umuhimu wake.

Kijana wa Igoma

Kwani yule si ndiye aliyefuga mamba kwenye mashua?

Mpenda tamthilia

Ndiye. Mamba wa aina ya kwao Marekani, aliyeitwa Elvis.

Mama wa Buchosa

Mimi nilipomwona yule mnyama kwenye kioo niliondoka bandani na sikurudi. Kwetu mwambao huu mamba amechukua watu waliokwenda kuteka maji, na mmoja alikuwa binamu yangu. Viatu vyake niachieni nivisifu pamoja nanyi, lakini mamba msimlete kwenye mazungumzo haya.

Kijana wa Igoma

Pole sana, mama. Nimekoma.

Fundi viatu, Makoroboi

Naomba niwaeleze kiatu chenyewe, maana nimevishona vingi, na wengi hununua sura yake bila kuijua kazi yake. Aliyekibuni ni Mmarekani Paul Sperry, mwaka 1935. Alikuwa mpenzi wa mashua na aliwahi kuteleza sitahani, yaani kwenye sakafu ya mashua, akawa anatafuta soli itakayoshika mbao zilizolowa. Siku moja ya baridi kali alimwona mbwa wake akikimbia juu ya barafu bila kuanguka, akamchunguza nyayo, akakuta zimejaa mikato midogo midogo. Akachukua kisu na kuchanja mpira wa soli kwa mikato myembamba ya kwenda na kurudi, na kiatu kikashika. Mwaka 1939 Jeshi la Wanamaji la Marekani likaanza kuvichukua kwa ajili ya mabaharia wake.

Mikato ile ndiyo kiatu chenyewe. Ukiwa umekishika wima huioni, kwa sababu ni myembamba kama alama ya wembe. Kunja soli kwa mikono miwili, ncha ya mbele ikutane na kisigino, utaona mpira unafunguka mistari mistari kama matamvua ya samaki. Mguu unapopiga hatua soli hujikunja hivyo hivyo, maji yakapata pa kupenya badala ya kubaki katikati ya mpira na ubao. Vile vya bei ya chini vinavyomwagwa siku hizi vimechorewa mawimbi juu juu tu, na ukivikunja havifunguki chochote. Hivyo ni viatu vya sebuleni.

Baharia mstaafu

Fundi amesema kweli, nami naongeza la rangi. Soli ni nyeupe ili isiache alama nyeusi sitahani. Mtu asiyewahi kusugua sitaha hawezi kuelewa raha ya jambo hilo. Nilifanya kazi ya melini humu Ziwani kwa miaka mingi, tukivaa mabuti meusi, na kila asubuhi tulipiga magoti kufuta michirizi ya mabuti yetu wenyewe. Mgeni mmoja wa mashua za tanga pale Capri Point aliponiachia jozi yake kuukuu, iliyonibana kidogo kwenye kidole gumba, niliivaa miaka minne.

Ninawatahadharisha lakini kwamba kiatu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya maji. Utelezi wa samaki ni habari nyingine. Pale soko la samaki la Mwaloni, mahali palipomwagika magamba na uteute wa sangara, hakuna soli itakayokuokoa.

Mkwe wa Kome

Mzee, laiti ungeniambia maneno hayo mwaka 2011.

Nimekaa kimya muda mrefu juu ya jambo hili, lakini fundi aliposema viatu vya sebuleni nimeona nimefikiwa. Nilikuwa ninakwenda kisiwani Kome kupeleka mahari. Nilikuwa na baba mdogo aliyekuwa mshenga wangu, shangazi, na rafiki mmoja wa kazini. Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa nimezunguka mjini nikitafuta viatu vya boti, kwa sababu kulikuwa na tamthilia ambayo mchumba wangu aliipenda, na ndani yake kuna kijana tajiri aliyevaa viatu hivyo kila alipokwenda kwao ufukweni. Mchumba wangu aliwahi kusema mara moja tu, tena akipita, kwamba vinampendeza mwanamume. Mara moja hiyo ilinitosha. Nikavipata dukani vikiwa vipya, vyekundu vya damu ya mzee, na sikujua habari ya kukunja soli.

Mtumbwi ulipofika ulisimama mbali kidogo na nchi kavu, kama ilivyo kawaida, na vijana wa pale wakaingia majini kutubeba mgongoni. Baba mdogo akabebwa. Shangazi akabebwa huku akicheka. Ilipofika zamu yangu nilikataa. Nilisema kwa sauti ambayo watu wote ufukweni waliisikia kwamba viatu vyangu ni vya boti na nitashuka mwenyewe. Kulikuwa na ubao umewekwa kutoka kwenye ukingo wa mtumbwi hadi kwenye jiwe, na ubao ule ulikuwa umepitishiwa dagaa tangu alfajiri. Ulikuwa unang'aa kama umepakwa mafuta.

Nilipiga hatua mbili. Ya tatu sikuimaliza. Nilianguka kwa ubavu, mguu wa kushoto ukapita kati ya ubao na jiwe, na kiatu kikatoka chenyewe kwa kuwa kamba yake ya ngozi ilikuwa imeshafunguka. Niliposimama maji yalinifika kiunoni, suti yote imelowa, na kiatu changu kinaelea kuelekea kwenye mitumbwi mingine, watoto wakikifukuza. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walinyamaza wote kwa pamoja. Ukimya ule ndio uliokuwa mbaya kuliko kuanguka, kwa sababu nilijua wanamwonea huruma binti yao.

Aliyeingia majini kunishika mkono alikuwa mzee mmoja, peku, suruali ameikunja hadi magotini. Hakuniuliza kitu. Alinitoa, akaniketisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akanitazama mguu uliochubuka, kisha akavua kutoka begani katambuga zake, alizokuwa amezifunga pamoja kwa kamba, akazivalisha miguuni kwangu kwa mikono yake. Ndipo baba mdogo alipofika mbio na kumwamkia, na kwa jinsi alivyoamkia nikaelewa kwamba yule ndiye mkwe wangu.

Kijana wa Igoma

Kaka, usituache hapo. Mke ulimpata?

Muuza mitumba, Mlango Mmoja

Nimefunga meza ya biashara ninasubiri jibu.

Mpenda tamthilia

Nami ninataka kujua ilikuwa tamthilia gani.

Mama wa Buchosa

Acheni habari ya tamthilia. Mzee alikuvalisha katambuga zake mwenyewe mbele ya watu, halafu mnauliza kama alipewa mke?

Mkwe wa Kome

Mama amejibu. Mahari ilipokelewa siku ile ile, nikiwa na shuka la shangazi kiunoni na katambuga za mkwe miguuni. Walituongezea faini ya mbuzi mmoja kwa sababu nilikataa kubebwa, maana kumbeba mgeni ni heshima ya wenyeji na mimi niliirudisha. Tuliilipa, na ninaona ilikuwa haki.

Kijana wa Igoma

Basi kosa ni la aliyekuuzia viatu bandia.

Baharia mstaafu

Hapana, mwanangu. Hata viatu halisi vingeanguka kwenye ubao ule. Kosa ni kutokubali kubebwa.

Fundi viatu, Makoroboi

Kosa la kwanza ni kamba. Kamba za ngozi hufunguka zenyewe zikiwa kavu. Zilowanishe kwa maji, zifunge zikiwa mbichi, ziache zikaukie hapo hapo, na fundo litakaza.

Muuza mitumba, Mlango Mmoja

Mimi huwaambia wateja wafunge fundo nene kila upande na kutumbukiza mguu tu, wasihangaike na kufungua.

Fundi viatu, Makoroboi

Dada, ukifunga hivyo kisigino kinabaki wazi na kiatu kinapanuka. Baada ya miezi miwili vinarudi kwangu.

Muuza mitumba, Mlango Mmoja

Na wewe ndipo unapopata riziki, kaka, usinikasirikie.

Mwuguzi wa Nyegezi

Ninaona hakuna aliyegusa jambo la soksi. Kwenye joto letu, kiatu cha ngozi kikivaliwa bila soksi kila siku kinakuwa na unyevu usiokauka, na fangasi wa katikati ya vidole hupenda mahali hapo hasa. Kausheni vidole kabla ya kuvaa, msivae jozi moja siku mbili mfululizo, na kiatu kikilowa kijazeni magazeti na kukiweka kivulini. Mkikianika juani ngozi itakakamaa na kupasuka.

Mtoto wa Kirumba

Dada, nikivaa na soksi, si nitakuwa nimeharibu kile nilichokipenda tangu utotoni?

Mwuguzi wa Nyegezi

Zipo soksi fupi zisizovuka ukingo wa kiatu. Kifundo kitaonekana na mguu utakuwa salama.

Mpenda tamthilia

Crockett asingevaa hata hizo.

Mama wa Buchosa

Crockett hakuwahi kupanda daladala ya Buhongwa saa nane mchana. Mwanangu, msikilize mwuguzi.

Mtoto wa Kirumba

Ninarudi kuwapa taarifa. Jumamosi nilikwenda Mlango Mmoja, nikakuta jozi ya kahawia, namba 42, ngozi imefifia upande wa kulia kama aliyevivaa kwanza alikuwa akiegemea kitu. Nilikunja soli mbele ya muuzaji kama fundi alivyoelekeza, nikaona mpira unafunguka, mistari myembamba ya kwenda na kurudi, na ndani ya mistari hiyo kulikuwa na mchanga mweupe ambao si wa kwetu. Niliukung'uta kiganjani nikautazama kwa muda. Nimelipa shilingi 25,000.

Jioni nilishuka nazo ufukweni Kirumba, mahali ambapo baba alikuwa akifunga mtumbwi wake, nikasimama juu ya jiwe lililolowa. Zilishika. Nilibaki pale mpaka karabai za wavuvi zilipoanza kuwaka mbali.

Fundi, uzi wa ukosi wa mguu wa kushoto umeachia mishono mitatu. Je, unatumia uzi wa nailoni au wa pamba?

Fundi viatu, Makoroboi

Nailoni iliyopakwa nta. Zilete Jumatatu asubuhi, na usizivae mpaka nimezishona.