Siku tatu Quanzhou (Zaitun ya zamani): nianzie wapi, nile nini?

Mkunguni
Asalaam aleikum jamani, mimi ni mtu wa Lamu. Kuna safari ya mzigo Guangzhou mwezi wa kumi, na mzigo ukishafungwa zinabaki siku tatu. Sitaki kuzimaliza madukani. Nataka kuuona Quanzhou, mji wa mkoa wa Fujian ambao Waarabu waliuita Zaitun. Nifikeje, nianzie wapi, na asiyekula nguruwe anakula wapi? Kichina sijui hata neno.

Farumi
Waaleikum salaam. Kwanza tarehe. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba ni sikukuu ya taifa, China nzima iko njiani. Zikwepe. Tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla.

Pili, jina. Kuna Quanzhou, kuna Quzhou ya Zhejiang, kuna Qinzhou ya Guangxi. Kosea herufi moja au mbili tu na umelala mkoa mwingine. Tafuta kwa maandishi yao: 泉州. Stesheni nazo ni zaidi ya moja: ile iitwayo Quanzhou tu ndiyo ya kukufaa kwa mji mkongwe, Quanzhou Dong na Quanzhou Nan ni za reli mpya iliyofunguliwa 2023. Kutoka Guangzhou hesabu nusu siku.

Siku ya kwanza tembea kwa miguu. Anza na msikiti wa Qingjing, barabara ya Tumen. Maandishi ya Kiarabu ya langoni yanasema ulijengwa mwaka 400 Hijria, yaani 1009 au 1010, kisha ukakarabatiwa mwaka 710 Hijria na mtu wa Shiraz. (Washirazi tunaowasimulia huku, kule wameandikwa ukutani.) Ukumbi mkubwa umebaki kuta za mawe tu, paa lilianguka karne nyingi zilizopita, kwa hiyo usiusubiri uone watu wakiswali humo; sala iko ukumbi wa pembeni. Na kibla kule ni magharibi, si kaskazini kama Lamu. Tafuta pia bamba la mawe lenye amri ya mfalme Yongle ya 1407, inayokataza watu kuwasumbua Waislamu.

Toka hapo, nusu saa ya mwendo wa pole, uko hekalu la Kaiyuan. Minara yake miwili ni ya mawe matupu, ya karne ya 13, mmoja unapita mita 40 na mwenziwe karibu 48.

Bamvua
Farumi kasahau lililo bora, na lingemfaa mtu wa Lamu kuliko minara. Wengi hulikimbilia jumba la makumbusho ya bahari wakitafuta jahazi la enzi ya wafalme wa Song lililofukuliwa Houzhu 1974. Kumbe ukumbi wa jahazi hilo uko ndani ya uwanja wa hekalu la Kaiyuan. Limebaki kama mita 24. Angalia mambo mawili: ngama (tumbo la chombo) imegawanywa vyumba 13 kwa viambaza 12, chumba kimoja kikivuja vingine vinabaki vikavu, na mbao zimepigwa tabaka juu ya tabaka kwa misumari ya chuma. Mtepe wetu ulishonwa kwa kamba, hauna msumari hata mmoja. Shehena ilikuwa pilipili manga, ubani, ambari, kauri.

Makumbusho ya bahari nenda kwa ajili ya mawe ya makaburi ya Kiislamu, ni mengi ajabu. Jumatatu hufungwa. Beba pasi.

Mkunguni
Ahsanteni. Na daraja la Luoyang? Ramani inanipeleka mamia ya kilomita kaskazini.

Bamvua
Huo ni mji wa Luoyang, Henan. Andika 洛阳桥 pamoja na 泉州. Daraja lilijengwa 1053 hadi 1059, mdomoni mwa mto. Nguzo zimechongwa kama omo (mbele) ya chombo, na waliotesha chaza kwenye mawe ya msingi ili yashikane. Ndiyo maana lazima uende maji yakipwa, yakijaa utaona barabara tu juu ya maji. Angalia jedwali la maji kabla. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, ndizo nzuri.

Makaburi ya Kiislamu ya Lingshan, mashariki mwa mji, yaunganishe na siku hiyohiyo. Hapo kuna bamba la Zheng He, amiri wa majahazi ya China, la 1417, alipokuja kuomba dua kabla ya safari ya tano, ile iliyowarudisha wajumbe wa Malindi.

Shela Kwetu
Chakula: zoea herufi mbili, 清真, maana yake halali. Maduka ya tambi za Lanzhou huwa nazo. Usile chochote cha mtaani kwa kuona ni chaza tu. Mkate wa mayai na chaza mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na uji wa tambi nyembamba huwekwa matumbo yake.

Pesa: weka Alipay (programu ya kulipia kwa simu) na uunganishe kadi ya Visa ukiwa bado nyumbani, maana ujumbe wa uthibitisho huja kwa laini yako. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayakatwi ada, zaidi ya hapo ni asilimia 3. WhatsApp haifunguki kwa WiFi ya hoteli. Laini ya Kenya ikiwa kwenye roaming hupita.

Na hoteli, uliza kwanza kama wanasajili pasi za kigeni. Nyumba ndogo nyingine hazijui namna ya kusajili, utarudishwa mlangoni saa tano usiku.

Farumi
Siku ya tatu nenda Xunpu, kijiji cha wavuvi chenye nyumba za magamba ya chaza. Wenyewe husema magamba makubwa yale yaliletwa na majahazi kama farumi (uzito wa kutuliza chombo) kutoka nchi za mbali. Wanawake huvaa maua kichwani, na wageni hukodi ya kupigia picha, kwa hiyo fika kabla ya saa tatu asubuhi, la sivyo hutauona ukuta kwa watu.