Je, nadharia ya rangi nne ifundishwe sekondari kama jambo lililothibitishwa?

Mwalimu mwenzetu wa Kisumu amedai kwamba nadharia hii, isemayo kuwa rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila maeneo yanayopakana kufanana, haifai kufundishwa kama jambo lililothibitishwa, kwa kuwa kompyuta ndiyo iliyoimaliza kazi na hakuna binadamu awezaye kuipitia yote. Naiheshimu hoja yake, ila siikubali.

Tutazame ramani yetu wenyewe, ya kaunti za Kenya. Vihiga imezungukwa na Kakamega, Nandi, Kisumu na Siaya. Ipe Kakamega na Kisumu rangi moja, Nandi na Siaya nyingine, Vihiga ya tatu, na kazi imekwisha. Nairobi haikubali hivyo, maana Kiambu, Machakos na Kajiado zinaizunguka na kila moja inapakana na mwenzake, basi ya nne ni lazima. Je, iko ramani itakayodai ya tano? Ndilo swali aliloliuliza Francis Guthrie mwaka 1852 alipokuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza. (Baadaye alihamia Afrika Kusini akafundisha hisabati huko, habari ambayo wanafunzi wetu wanastahili kuijua.)

Mwaka 1879 Alfred Kempe alitoa uthibitisho kwa mkono, wataalamu wakaukubali, ukadumu miaka 11 hadi Percy Heawood alipofichua kasoro yake mwaka 1890. Macho ya binadamu, basi, hayakuwa kinga. Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipofaulu mwaka 1976, kukagua mipangilio karibu 2,000 ya maeneo ya ramani kuliachiwa kompyuta, na shaka ya mwenzetu ilisikika tangu wakati ule, tena kwa haki. Lakini miaka ya 1990 Robertson, Sanders, Seymour na Thomas waliipunguza hadi 633, na mwaka 2005 Georges Gonthier aliukamilisha uthibitisho mzima kwa programu ya Coq, inayokagua kila hatua ya mantiki na ambayo kiini chake ni kidogo kiasi cha mtu kukisoma.

Napendekeza mwanafunzi athibitishe kwa kalamu yake kwamba rangi sita zinatosha, kwa kutumia kanuni ya Euler (inayounganisha idadi ya pembe, mistari na maeneo ya ramani), aonyeshwe Kempe alipoteleza, kisha aambiwe waziwazi ni sehemu ipi iliyoachiwa mashine. Anayepinga atueleze ni hatua gani ya ukaguzi wa 2005 asiyoiamini, na kwa nini.