Admini wa ligi yetu ya FPL katugeuzia mfumo kimyakimya, na hela zetu anazo yeye!

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa kuchagua kapteni. Hapa naongelea hela za watu.

Tuna kundi la WhatsApp la FPL (Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanavyocheza), tuko 23, na kila mtu alitoa elfu ishirini kabla msimu haujaanza. Miaka yote tumecheza Classic: pointi zako zinajumlishwa kuanzia wiki ya 1 hadi ya 38, mwenye nyingi anabeba mzigo. Basi. Safari hii admini katuma namba ya siri ya kujiunga na ligi Ijumaa usiku, dedilaini ni saa mbili na nusu, watu wengine bado wako kwenye daladala. Unaingia haraka, unahangaika na benchi lako, unalala. Asubuhi ndiyo unagundua umeingizwa H2H, yaani ana kwa ana: kila wiki unapangiwa mpinzani mmoja, mwenye pointi nyingi wiki hiyo anachukua 3 za msimamo! Hakuuliza mtu, hakupigisha kura. Tulipohoji, jibu likawa "Classic inaboa, tuchangamke kidogo."

Haya, changamko lenyewe ndilo hili. Wiki iliyopita nimepiga 81. Kundi zima kuna mtu mmoja tu kanizidi, ana 84, na huyohuyo ndiye niliyepangiwa. Nikatoka patupu. Jamaa mwingine kapata 38, kakutana na mtu aliyeitelekeza timu yake tangu mwezi wa tisa, kachukua pointi zake 3 na kunitumia emoji za kucheka juu. Fungueni msimamo wetu, kuna safu inayoonyesha jumla ya pointi kila mmoja alizokusanya. Kwa jumla mimi ni wa pili. Kwa msimamo wa H2H ni wa kumi na nne! Huo ni mchezo wa akili au bahati nasibu?

Na hizo timu zilizotelekezwa ndizo zinaniuma kuliko yote. Kwenye Classic mtu akikata tamaa ni shauri yake, anazama peke yake huko chini. Kwenye H2H anagawa ushindi. Sisi tuliokutana naye Agosti, ana moto, anabadilisha wachezaji kila wiki, alitunyoosha. Wanaokutana naye sasa, kikosi kimejaa majeruhi na hana hata wa kuingia kutoka benchi, wanaokota pointi za bure. Mtu yuleyule, ligi ileile.

Halafu 23 ni witiri, kwa hiyo mfumo umetuwekea timu inaitwa Average, inapewa wastani wa pointi za wiki. Average hajatoa hata shilingi mia lakini keshawafunga watu waliolipa. Na ukimjumlisha yeye, kila mmoja ana wapinzani 23 wa kugawana wiki 38. Gawanyeni wenyewe muone: kuna watu utakutana nao mara mbili na wengine mara moja tu. Ukibahatika kuwapata wabovu mara mbili, umepona.

Sina ugomvi na H2H yenyewe. Mkiwa 20 kamili, nyumbani na ugenini zinatosha kwenye wiki 38 bila hata moja kubaki, na wote wako macho, ni burudani kweli. Hata Draft, ule mfumo wa kuchagua wachezaji kwa zamu, ni tamu mkiwa wanane hivi mnaofahamiana: mchezaji mmoja ana mwenyewe mmoja, hakuna kapteni, hakuna bajeti ya milioni 100. Lakini Draft inaishia watu 16, sisi tungeachana njia mlangoni. Ndiyo maana mfumo unachaguliwa Julai, watu wamekaa, wamehesabiana, wamekubaliana mgao wa zawadi na nani anabeba wakilingana. Hata kikoba cha mtaani mwenyekiti haamki tu asubuhi akabadilisha utaratibu wa kugawa.

Sasa admini anajificha nyuma ya "mfumo hauruhusu kubadilisha katikati ya msimu". Nani kasema tubadilishe? Ile safu ya jumla ya pointi ipo palepale kwenye msimamo, haihitaji ruhusa ya mtu. Hela ni 460,000. Nusu iende kwa washindi wa H2H yake, nusu kwa walioongoza kwa jumla. Nimeandika hivyo kwenye kundi, watu tisa wakaunga mkono, yeye akafunga kundi wawe wanaandika maadmini tu. Na admini ni mmoja!

Wenye ligi za hela humu, nyie mnafanyaje? Kuna aliyewahi kugawa mzigo hivyo na watu wakaelewana? Nitatuma link ya uzi huu kwa wenzangu. Na wewe admini, najua unasoma humu kila siku: fungua kundi, au rudisha elfu ishirini yangu kwenye namba ileile niliyotumia kukutumia.