Faili la Outlook limejaa: kuongeza ukomo, kufuta, kugawa au kuhamia Thunderbird?

KaraniKirumba
Wakuu, heshima kwenu. Ofisi yetu ipo Kirumba, tunauza minofu ya sangara na mabondo. Kila mzigo unaotoka una picha zake, cheti cha afya, ankara na barua za kuvutana bei, na vyote vinapita kwenye imeili moja. Tunatumia Outlook 2016, akaunti ya POP (inayoshusha barua kutoka seva hadi kwenye kompyuta), kila kitu kipo kwenye faili moja la pst, yaani faili ambamo Outlook huhifadhi barua. Tangu juzi barua haziingii, unakuja ujumbe kwamba faili limefikia ukubwa wa mwisho. Kinachonichanganya, nikilitazama linasoma GB 47 na nusu, wakati nijuavyo ukomo ni 50.

Kila ninayemuuliza ana lake: futa, ongeza ukomo kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), gawa faili, achana na Outlook uhamie Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe. Bosi anataka jibu moja, na mhasibu hataki kusikia neno kufuta. Mnashauri nini?

FundiNyakato
Mkuu, hiyo 47.5 si ajabu. Kuanzia toleo la 2010 kuna namba mbili, si moja. MaxLargeFileSize ni MB 51200, ndiyo GB 50 unayoijua. WarnLargeFileSize, ile ya onyo, ni MB 48640, na hapo ndipo Outlook inapogoma kupokea data mpya. Kipande kinachobaki inakitumia kwa shughuli zake za ndani. Kwa hiyo faili lako limejaa kweli.

Kuongeza inawezekana. Unafungua regedit, programu ya kuhariri rejista, unakwenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\PST, unatengeneza hizo mbili kama DWORD (aina ya thamani ya namba), unaziandika kwa desimali, na ile ya onyo iwe chini ya kubwa kwa asilimia 5 hivi. Ukipandisha kubwa ukaiacha ya onyo ilivyo, barua hazitaingia na utadhani umekosea njia. Ila mteja nikimfanyia hivyo namwambia wazi: hapa nimekununulia muda tu. Faili la GB 80 kwenye diski ya kuzunguka ni mateso kulitafuta barua, na siku likiharibika linaharibika lote.

MamaMakoroboi
Dukani kwetu tulifuta, na inafanya kazi ukiujua mtego wake. Ukibonyeza Delete peke yake, barua inakwenda kwenye folda ya vilivyofutwa, ambayo ipo ndani ya faili lilelile. Hujapunguza kitu. Shikilia Shift ndipo ubonyeze Delete. Na anzeni na folda ya zilizotumwa, zipange kwa ukubwa. Hiyo watu wanaisahau kabisa: picha uliyopokea ukaituma mbele unayo mara mbili.

Halafu usishtuke ukiona GB ni zilezile. Nafasi imeachwa wazi humo ndani mpaka ulibane faili: mipangilio ya akaunti, sehemu ya faili za data, mipangilio, kisha Compact Now. Kwa ukubwa wenu huo iacheni usiku kucha, na kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, msithubutu siku ambayo umeme unacheza.

Capri_Boy
Outlook ya nini zama hizi jamani? Hamishia Gmail yaishe.

FundiNyakato
Gmail ya bure ni GB 15, na zinagawana na Drive pamoja na picha zako. Zilizobaki aziweke wapi? Na GB 47 atazipandisha kwa bando gani, ndugu yangu?

Capri_Boy
Haya, nimenyoosha mikono 😄

DadaIgoma
Mimi ni mtu wa Thunderbird, kwa hiyo nisikilizeni mkijua upande wangu. Uzuri wake kila folda inakaa kwenye faili lake, hivyo moja ikiharibika nyingine zinabaki salama. Nayo inahitaji kubanwa, usidhani utakwepa. Lakini kwa Karani nisingeshauri sasa. Ofisi inayoanza, sawa. Wewe wenye GB 47 utakuwa unahamisha mizigo yote kwenda nyumba mpya bila kufungua hata boksi moja, na wenzako waliozoea kalenda ya Outlook watakusema mpaka basi.

MzeeWaKamanga
Vijana mmesema vizuri, ila njia rahisi kuliko zote haijatajwa. Usihamishe chochote. Tengeneza faili jipya la pst, lipe jina la mwaka huu. Nenda mipangilio ya akaunti, chagua akaunti yako ya POP, chini kuna kitufe cha Change Folder. Mwelekeze huko barua mpya ziingie faili jipya. Faili la zamani linabaki upande wa kushoto, linafunguka na kutafutika kama kawaida. Mhasibu hajapoteza hata risiti.

Mambo mawili yatakayokusumbua. Kalenda na majina ya wateja yamebaki faili la zamani, yanakili. Na kama mna kanuni za kupanga barua zenyewe, bado zinapeleka kwenye folda za zamani zilizojaa. Zirekebishe siku hiyohiyo.

Kugawa lile la zamani kwa miaka fanya taratibu baadaye, na usiiamini sana ile amri ya kuhifadhi barua za kitambo. Inatazama pia tarehe ambayo barua ilibadilishwa mara ya mwisho, si siku uliyoipokea tu. Barua ya 2017 uliyoihariri mwaka huu itaachwa. Mimi napanga kwa tarehe, nachagua mwaka mzima, naburuta kwa mkono.

KaraniKirumba
Shikamoo mzee, hii imeniingia. Je, nianze na scanpst, ile programu ya kutengeneza faili la pst? Na nakala niiweke kwenye flashi?

MzeeWaKamanga
Marahaba. Scanpst ni ya faili lililoharibika, lako limejaa tu. Ukija kuihitaji, nakili faili kwanza Outlook ikiwa imefungwa. Flashi nyingi zinakuja na FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4, hata flashi iwe tupu kabisa. Tumia diski ya nje yenye NTFS au exFAT. Wala usilifungue pst moja kwa moja kutoka kwenye folda ya mtandao wa ofisi; Microsoft wenyewe hawaungi mkono matumizi hayo.

Mhasibu_Pasiansi
Nidandie hapohapo. Mimi nina la GB 2 tangu enzi za Outlook 2002, nalo limegoma. Rejista itanisaidia?

FundiNyakato
Haikusaidii, umbo la zamani la faili lenyewe ndilo linaishia GB 2. Tengeneza jipya kwenye Outlook ya sasa, uburute folda zako humo.

KaraniKirumba
Nafanya ya mzee jioni hii. Na barua za tangu juzi ndiyo zimekwenda na maji?

DadaIgoma
Hapana, zinasubiri kwenye seva. Ingia kwa kivinjari uzione.

KaraniKirumba
Zipo zote! Hata ya mnunuzi anayelalamika hatumjibu.

DadaIgoma
Mjibu hukohuko sasa hivi, ila jiweke kwenye nakala fiche (Bcc). POP haishushi barua ulizotuma kwa kivinjari, na kesho bosi ataulizia jibu hilo ndani ya Outlook.