Kizidisho cha watu weusi kwenye hesabu ya figo: tukifute au tukiache?

Mtabibu wa wodi, Kampala
Wasawo, naileta hapa tuchambue. Mwaka 2020 hospitali za mtandao wa Northwell, New York, zilihesabu wagonjwa 5,449 wa Korona waliolazwa. Kati yao 36.6% figo ziliumia ghafla, na weusi walikuwa hatarini kuliko weupe. Tangu hapo tunaambiwa mgonjwa mweusi achungwe figo. Lakini mlinganyo wa CKD-EPI wa 2009, hesabu inayokadiria uchujaji wa figo kutokana na kreatinini (taka ya misuli iliyomo kwenye damu), unamzidishia mtu mweusi 1.159, yaani unamwambia figo zake ni nzima kuliko kreatinini inavyosema. Mkono mmoja unaonya, mwingine unatuliza. Na hapa Uganda wodi nzima ni weusi, kwa hiyo kizidisho hakimtofautishi mtu na mtu, kinapandisha namba ya kila kitanda. Msimamo wangu: kifutwe, hata leo.

Fundi wa maabara, Gulu
Pole pole, musawo. Kizidisho hakikuokotwa njiani. Waliotunga milinganyo ile walipima uchujaji wenyewe, wakakuta Wamarekani weusi wana kreatinini ya juu zaidi kwa uchujaji ule ule. Ukikifuta bila kuweka kitu mahali pake, mtu mwenye misuli, tuseme mbeba mizigo wa soko la Owino, anabandikwa ugonjwa wa figo asio nao na dozi zake zinapunguzwa bure.

Tena mnalaumu hesabu kabla ya kuuliza namba imetoka wapi. Kipimo cha Jaffe, njia ya bei nafuu ya kupima kreatinini, hudanganywa: bilirubini (ile ya macho ya manjano) ikiwa juu, kreatinini hushuka kwa uongo, ketoni zikijaa kwa mgonjwa wa kisukari, hupanda kwa uongo. Wagonjwa wa Korona wenye kisukari mnawajua walivyokuwa wengi. Kipimo cha enzaimu ni safi zaidi ila kitendanishi chake (kemikali ya kupimia) ni ghali.

Daktari wa figo, Mbarara
Fundi ana haki kuhusu chanzo cha kizidisho, lakini chanzo hicho ni Marekani. Tuweke namba. Mwanamume wa miaka 50, kreatinini 1.5 mg/dL (karibu 133 kwa mikromoli). Mlinganyo wa 2009 bila kizidisho unatoa uchujaji wa 54 (mililita kwa dakika). Ukikiweka, 62. Mlinganyo wa 2021, ulioondoa rangi kabisa, unatoa 56. Mpaka wa kuanza kuuliza ugonjwa wa figo ni 60, kwa hiyo kizidisho peke yake kinamvusha mtu huyu ng'ambo ya salama.

Kwetu kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, watu zaidi ya 2,500, uchujaji ukapimwa wenyewe kwa iohexol (dawa inayochomwa mwilini, ikatazamwa figo zinavyoitoa) badala ya kukisiwa. Milinganyo ya kreatinini ilionyesha figo kuwa nzima kuliko zilivyo. Sasa jambo lililokwisha kuzidishwa, unalizidisha tena kwa 1.159 ya nini? Misuli ya mbeba mizigo wa Owino siyo misuli ya mama wa kijijini aliyekonda, wala ya mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI aliyepungua kilo kumi. Hao wawili kreatinini yao iko chini kwa sababu misuli ni michache, na figo zinaweza kuwa zimeshachoka.

Ila jamani, mnabishana mlango usio. Milinganyo hii yote inadai kreatinini iwe imetulia. Mgonjwa ambaye figo zimeumia ghafla, kreatinini yake inapanda kila siku, hesabu iko nyuma ya ukweli. Ikitoka 1.0 ikafika 3.0 kwa siku mbili, uchujaji wa kweli unaweza kuwa karibu na sifuri huku karatasi ikisema 25. Ndiyo maana KDIGO, jopo la kimataifa la miongozo ya figo, kwa kuumia ghafla, haitazami makadirio hayo: inataka kreatinini ipande 0.3 mg/dL ndani ya saa 48, au ifike mara 1.5 ya ile ya mwanzo ndani ya siku 7, au mkojo uwe chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, kwa saa 6. Hapo rangi haimo.

Mtabibu wa wodi, Kampala
Basi kizidisho hakigusi wagonjwa wa Korona kabisa?

Daktari wa figo, Mbarara
Kinagusa, tena kwa kuingilia dirishani. "Ile ya mwanzo" ni ipi? Wagonjwa wetu wengi hawajawahi kupimwa kreatinini kabla ya kulazwa. Kwa hiyo watu hukisia: wanachukua mlinganyo wa MDRD, mwingine wa zamani, wanadhani uchujaji ulikuwa 75, wanarudi nyuma kutafuta kreatinini inayolingana nao. Kwa mwanamume yule wa miaka 50, bila kizidisho unapata 1.05. Kwa kizidisho cha MDRD, ambacho ni 1.212, unapata 1.24. Sasa amekuja na 1.7. Ukigawanya kwa 1.05 ni mara 1.6, figo zimeumia, anaingia kwenye chati. Ukigawanya kwa 1.24 ni mara 1.4, unamwacha. Mgonjwa ni yule yule, damu ni ile ile. Mkikisia ya mwanzo, kisieni bila kizidisho, na mpime tena baada ya saa 24; kipimo cha pili kinashinda makisio yote.

Mfamasia, Jinja
Kwa dozi mimi natumia hesabu ya Cockcroft-Gault, haina rangi tangu ilipozaliwa. Miaka 50, kilo 60, kreatinini 1.5: (140 kutoa 50) mara 60, gawanya kwa 72 mara 1.5. Jibu 50. Enoksaparini ya kutibu damu iliyoganda inakaa miligramu 1 kwa kilo mara mbili kwa siku. Jibu likishuka chini ya 30, mara moja kwa siku. Lakini kwa anayeumia figo sasa hivi, usingoje hesabu ikubali. Ondoa kwanza vinavyoumiza figo: diklofenaki ya maumivu (sindano ile tunayoipenda kuliko inavyotupenda), antibiotiki ya gentamisini, na uangalie tenofovia, dawa ya virusi vya UKIMWI.

Mtakwimu wa afya, Kampala
Narudi kwenye namba za Marekani, maana hoja ya kwanza imezimeza bila kutafuna. Louisiana, hospitali za Ochsner, wagonjwa 3,481 wa Korona, mwaka 2020. Weusi walikuwa 31% tu ya watu wanaohudumiwa na mtandao ule, lakini 76.9% ya waliolazwa na 70.6% ya waliofia hospitalini. Ukiishia hapo utasema weusi unaua. Waliposawazisha umri, magonjwa mengine na hali ya mgonjwa alipofika, rangi haikutabiri tena kifo cha hospitalini. Tofauti ilikuwa imeshatokea nje ya geti: nani ana presha isiyotibiwa, nani kazi yake haifanyiki nyumbani, nani anakuja amechelewa.

Na hata New York, kilichotenganisha watu kuliko vyote ni mashine ya kupumulia. Waliowekwa kwenye mashine, 89.7% figo ziliumia. Ambao hawakuwekwa, 21.7%. Mtu akikuletea rangi bila kukuambia nani alikuwa kwenye mashine, hajakuambia kitu.

Mtaalamu wa jeni, Entebbe
Kuna kipande cha kurithi msikitupe na maji ya kuogea. Jeni ya APOL1 ina aina mbili za hatari, G1 na G2, zilizotambuliwa mwaka 2010. Mwenye nakala mbili za aina hizo ana hatari kubwa ya ugonjwa wa figo, na Korona ikimpiga, vichujio vya figo vinaweza kuporomoka, protini ikamwagika kwenye mkojo. Karibu 13% ya Wamarekani weusi wana nakala mbili.

Lakini kwa nini jeni mbaya ienee? Kwa sababu ya malale. G2 inaua kimelea cha rhodesiense, ambacho jeni ya kawaida haikiwezi. Na Uganda ndiyo nchi yenye aina zote mbili za malale: rhodesiense upande wa Busoga, gambiense huko West Nile. Aina hizi za jeni zimejaa zaidi Afrika Magharibi, na Ethiopia karibu hazipo. Mwethiopia na Mnigeria wote wataandikwa "mweusi" kwenye fomu. Fomu haijui lolote kuhusu mbung'o. Mkitaka kujua, chovya kijiti kwenye mkojo siku ya kwanza: protini 3+ au zaidi inakupa habari ambayo safu ya rangi haiwezi.

Muuguzi wa dialisisi, Kampala
Nimewasoma mabwana wakubwa, sasa tushuke kitandani. Mgonjwa wa kilo 60 anatakiwa atoe mililita 30 kwa saa. Saa 6, mililita 180. Mfuko wa katheta (mpira wa mkojo) ukiwa chini ya hapo, ita daktari, usisubiri maabara. Kosa la kila siku ni kutopima uzito, halafu tunaandika "mkojo wa kutosha". Wa kutosha kwa nani?

Rangi nimeiona ina kazi mahali pamoja tu: oksimita ya kidole, inayosoma oksijeni ya damu kwa mwanga. Utafiti wa Michigan, Desemba 2020: kipimo kikisema 92 hadi 96, wagonjwa weusi 11.7% oksijeni yao ya kweli ilikuwa chini ya 88, weupe 3.6%. Hiyo siyo asili wala ukoo, ni ngozi yenyewe mbele ya mwanga. Figo isiyopata oksijeni haijui kidole kilisema nini. Kwa hiyo mtu akiwa 92 huku anahema mara 30 kwa dakika, aminini pumzi.

Na potasiamu ikipita 6.5, msimpe matooke, yenye potasiamu nyingi, mkadhani ni chakula laini cha mgonjwa. Mashine za kusafisha damu ni chache na ziko mbali kwa walio wengi. Kusafisha damu kupitia tumbo kunawezekana hata penye uhaba: maji ya dripu ya ringa lakteti lita 1, unaongeza mililita 30 za deksitrozi (sukari) ya 50%, sukari inakuwa 1.5%. Angalieni tu kwamba ringa ina potasiamu yake, karibu 4, kwa hiyo itaishusha polepole.

Fundi wa maabara, Gulu
Nnyabo, umenishinda kwa huo mfuko wa katheta. Nakubali kizidisho kitoke, ila kitoke kwa utaratibu. Kwenye programu ya mashine, chagua mlinganyo wa 2021, usifute kizidisho ukaacha wa 2009. Kwa waliolazwa, zimeni kabisa makadirio ya uchujaji. Chapeni kreatinini ya leo, ya jana, na saa ya kuchukua damu. Kwa wa kliniki, wekeni mstari unaosema mlinganyo umebadilika na tarehe. Bila mstari huo, yule wa 62 atarudi mwezi ujao aone 56, atoke mbio kwenda kutafuta dawa za mitishamba za figo, na kreatinini yake haijasogea hata nukta.

Mtabibu wa wodi, Kampala
Na anayelazwa akitokea kliniki, ana 56 mkononi?

Fundi wa maabara, Gulu
Muulizeni kreatinini, ssebo. Ile 56 mwacheni nayo.